Mwanangu ana mwaka na miezi kumi, hajaniita mama

Shikamoo mama,

Naandika saa tano usiku, mtoto kalala na mume wangu yuko safari ya kikazi. Wiki nzima nimekuwa nikiianza barua hii na kuifuta.

Nina mtoto mmoja wa kiume. Naishi Tabata, Dar es Salaam, na nafanya kazi ya uhasibu mjini. Wiki ijayo mwanangu anatimiza mwaka mmoja na miezi 10, na hazungumzi. Akitaka maji ananishika mkono, ananivuta hadi kwenye friji na kunisimamisha pale. Nisipomwelewa anapiga kelele mpaka sauti inamkauka. Neno lake ni moja tu, "ba", na hiyo "ba" ni ya kila kitu: baba, maji, paka wa jirani, mlango. Mtoto wa jirani, wa kike, wamepishana wiki tatu tu. Juzi alisimama getini kwetu akasema, "Mama, paka huyo!" Niliingia ndani nikalia.

Alizaliwa salama, kilo 3.1, akalia papo hapo. Shingo alikaza mapema, akakaa akiwa na miezi 7. Hakutambaa. Alikuwa anasota kwa makalio, mkwe wangu akacheka kwamba atamaliza nepi zote. Alisimama dede akiwa na mwaka na mwezi mmoja, akatembea akiwa na miezi 15. Mkwe wangu anasema wanawe wote walitembea na miezi 9, kwa hiyo huyu ni mzito tangu mwanzo. Ameumwa masikio mara mbili, yakatoa usaha, akapewa dawa yakakauka. Nadhani anasikia, maana wimbo wa katuni yake ukianza anakuja mbio kutoka chumbani.

Nilipompeleka kliniki kwa chanjo ya miezi 18 nilimuuliza nesi. Aliangalia kadi, akasema uzito uko vizuri, watoto wa kiume huchelewa, subiri. Mkwe wangu anasema ana udata, apelekwe kwa fundi mmoja kijijini kwao akakatwe chini ya ulimi, na isipotosha akatwe na kimeo. Mume wangu anasema yeye mwenyewe alizungumza akiwa na miaka 3 na leo ni mhandisi.

Sasa jambo lililonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita umeme ulikatika ofisini, tukaruhusiwa saa nane mchana. Sikupiga simu nyumbani. Nilimkuta mtoto yuko kwenye kigari chake cha kutembelea, mbele ya runinga, katuni za Kiingereza zinaendelea, nepi imelowa mpaka suruali. Dada wa kazi alikuwa uani anafua. Nilisimama mlangoni kama dakika tano, hakuna aliyeniona. Mtoto alitoa sauti mara mbili, "ba, ba", akiangalia mlango wa uani, kisha akageukia runinga. Nilitetemeka. Nilimfokea yule binti maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Ana miaka 19, ametoka Singida, na yuko kwetu mwezi wa nane huu. Ni wa tatu tangu nirudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Mvivu si mvivu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko macho: chai, kupiga deki, kufua nguo za watu wanne, kupiga pasi, gengeni, chakula cha mchana na cha usiku, kumwogesha mtoto. Nyumba yangu inang'aa. Tangu mtoto akiwa mchanga mume wangu aliweka sheria kwamba aongeleshwe Kiingereza tu, ili aanze shule ya mchepuo wa Kiingereza bila taabu. Dada hakijui, ndiyo maana tukamwelekeza amwashie zile katuni. Mimi narudi saa mbili usiku, mtoto anasinzia.

Nina maswali matatu, mama. Nisubiri kama ninavyoambiwa? Nimwondoe huyu binti, au mtoto apelekwe kituo cha kulelea watoto? Na hili la tatu naogopa hata kuliandika: je, ni mimi niliyemfanyia hivi?

Mama asiyelala, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Usisubiri. Wiki hii, si mwezi ujao, mpeleke mtoto akapimwe masikio.

Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya watoto kwa miaka 28. Neno "subiri" nimelisema mara nyingi sana, na mara nyingi lilikuwa sahihi. Lakini yuko mama mmoja simsahau. Alikuja na binti wa miaka 2 ambaye hasemi. Nilimweka mtoto kwenye mzani, mstari kwenye kadi unapanda vizuri, nikamwambia mama yake asubiri. Alirudi mtoto akiwa na miaka minne na nusu, na alikuwa hasikii. Mama yule hakunilaumu. Alikaa kwenye benchi, akanionyesha jinsi mwanawe alivyozoea kumwekea kiganja kooni ili ajue kama mama anasema. Miaka ile miwili na nusu niliipoteza mimi, na tangu siku hiyo sijamwambia mzazi asubiri kabla masikio hayajapimwa.

Kadi ya kliniki ni kitu kizuri, lakini mstari ule unasema habari za uzito. Hausemi kama mtoto anaelewa, anacheza au anaita. Mwaka 2021 serikali yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya watoto wa tangu kutungwa mimba hadi miaka 8, kwa sababu hii hasa: mtoto anaweza kunenepa vizuri huku mambo mengine yamebaki nyuma bila mtu kuyaangalia. Kwa hiyo ukifika kwa mtoa huduma, usiulize "ana kilo ngapi". Sema: "Mwanangu wa miezi 22 hana neno hata moja, na masikio yake yametoa usaha mara mbili. Naomba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo." Sentensi hiyo iseme kama ilivyo. Wakikujibu kwamba wavulana huchelewa, isome tena.

Kabla sijaendelea, nikutue mzigo mmoja. Kutembea kwake hakuna shida. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, zikiwemo Ghana na Oman, na mwaka 2006 likatoa vipimo vya hatua sita za viungo. Kutembea bila kushikwa kulianzia miezi 8 hivi kwa wa mapema kabisa mpaka miezi 17 na nusu kwa wa mwisho, na wote walikuwa wazima. Watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti. Wako amekaa, amesota, amesimama dede, ametembea, kila jambo ndani ya wakati wake.

Na mkwe wako naye hasemi uongo. Kuna jamii zetu ambazo watoto hukaa na kutembea mapema, na sababu yake inajulikana. Mtafiti Charles Super alikaa na Wakipsigis wa kijiji cha Kokwet nchini Kenya, na mwaka 1976 akaandika kwamba watoto wa pale waliwahi kukaa na kutembea kwa sababu mama na dada zao waliwafundisha kwa makusudi, kila siku, kwa kuwakalisha na kuwashika mikono wapige hatua. Kutambaa hawakuwahi sana, maana kutambaa hakuna aliyekufundisha. Mambo ambayo mlezi anayafanyia kazi ndiyo yanayotangulia. Ukimweleza mama mkwe hivyo bila kumpinga, utakuwa umempa heshima yake, na utakuwa umemwomba msaada: alichowafanyia wanawe kwenye miguu, sasa tunakihitaji kwenye maneno.

Turudi kwenye maneno, kwa kuwa hapo ndipo penye jambo. Yapo machache ambayo wataalamu wa watoto wanakubaliana kwamba hayangojwi. Mtoto wa miezi 12 asiyetoa zile sauti za "bababa, mamama", asiyeonyesha kwa kidole wala kupunga mkono. Wa miezi 16 asiye na neno hata moja. Wa miezi 24 asiyeunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe, kama "maji mama". Na mtoto wa umri wowote anayepoteza maneno au tabasamu alilokuwa nalo. Huyo hata wiki usimngoje. Wako yuko kwenye la pili. "Ba" ya kila kitu bado si neno, maana neno ni sauti ileile kwa kitu kilekile.

Kuhusu wimbo wa katuni: usiuamini sana. Sikio lililotoa usaha linaweza kubaki na majimaji nyuma ya ngoma yake, na mtoto akasikia kama mtu aliyezama kichwa ndani ya maji. Muziki mkubwa unapita. Sauti ndogo za mtu anayeongea, ile "s", ile "f", ile "t", zinapotea njiani, na neno likimfikia limekatika vipande. Mara nyingi hali hiyo hutibika kabisa. Ndiyo maana nasema masikio kwanza.

Sasa udata. Upo, ni utando mfupi chini ya ulimi. Unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na baadaye ukamvuruga kwenye "r" au "l". Lakini jaribu mwenyewe sasa hivi: sema "mama", sema "baba". Umetumia midomo. Ulimi ulikuwa umelala tu. Mtoto mwenye udata huweza kusema mama, na hakuna utando unaomzuia kuonyesha kidole au kuelewa akiambiwa lete kiatu. Kama una wasiwasi, huyohuyo daktari wa masikio atautazama ulimi kwa dakika moja. Kimeo ndicho kabisa hakina uhusiano na kuchelewa kuzungumza. Nimewahi kumpokea mtoto aliyeletwa alfajiri akiwa ametokwa damu usiku kucha baada ya kukatwa na fundi, khanga ya mama yake imelowa. Mwanao asiguswe na wembe wa mtu. Hapo usiwe na simile na yeyote, hata ukionekana mkwe mbaya.

Ukiwa unasubiri siku ya daktari, mwangalie jioni mbili tatu, upate cha kumweleza. Simama nyuma yake asikuone, umwite kwa sauti ya kawaida, runinga imezimwa. Mwambie "lete kiatu" bila kukitazama kiatu wala kunyoosha mkono. Onyesha kidole kwenye mjusi ukutani: je, anafuata kidole, au anaangalia mkono wako? Akiona kitu cha kumfurahisha, anageuka kukutazama kama vile anasema "umeona?" Anacheza mchezo wa kuigiza, kulisha mdoli, kuweka simu sikioni? Unasema anakuvuta mkono mpaka kwenye friji. Hiyo ni akili, anajua anachotaka na anajua wewe unaweza kukitoa. Ila ningependa kujua kama pia huwa ananyoosha kidole, au mkono wako tu ndio anaoutumia. Kama masikio yatakuwa sawa lakini haonyeshi kitu, hafuati kidole, na jina lake halimgeuzi, mwombe daktari wa watoto amwangalie kwa habari ya usonji, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto awasiliane na kuhusiana na watu kwa namna tofauti. Nalisema neno hilo waziwazi kwa sababu nimeona wazazi wakilikimbia mpaka mtoto akafika umri wa shule. Usonji hausababishwi na katuni, wala dada wa kazi, wala mama anayekwenda kazini, na mtoto anayeanza kusaidiwa mapema anafaidika kuliko anayechelewa.

Mume wako huenda ana hoja. Kuchelewa kusema kunaweza kufuata ukoo, na watoto wengi wa namna hiyo huwafikia wenzao. Tatizo ni kwamba kwa miezi 22 hakuna anayeweza kukutofautishia kwa macho tu yule atakayewafikia na yule anayehitaji msaada. Basi mwende wote mpime. Mkikuta masikio mazima na mtoto yuko sawa, mmepoteza asubuhi moja.

Nije kwenye dakika zako tano za mlangoni, maana nimezisoma mara nyingi. Umeandika kama mtu aliyeona ukimya, lakini soma tena ulichoandika. Mtoto alisema "ba, ba" akiangalia mlango wa uani. Nani alikuwa uani? Mwanao alikuwa anaita, mwanangu. Alibisha hodi.

Sisi tunajua hodi ilivyo. Unabisha, unasikiliza, unabisha tena. Ya tatu isipojibiwa unaondoka na huna kinyongo, unajua tu wenyewe hawapo. Yeye alibisha mara mbili, akarudi kwenye katuni. Mtoto hujifunza kusema kwa kubisha na kuitikiwa "karibu": anatoa sauti, mtu anageuka, anamtazama usoni, anajibu, anangoja. Yeye anatoa tena. Ni kupokezana, siku nzima, mamia ya mara, wakati wa kuoga, wa uji, wa kubadilisha nepi. Huko Marekani miaka ya 1970, mtafiti Edward Tronick aliwaomba mama wacheze na watoto wao wachanga kidogo, kisha wakaushe nyuso, wawatazame tu bila kuitikia. Watoto walitabasamu kwanza, wakajaribu kila njia ya kumrudisha mama, kisha wakageuza nyuso, wengine wakalia. Ni dakika chache tu zile. Runinga ni uso wa namna hiyo. Inasema sana, lakini haijawahi kumwitikia mtoto hata mmoja.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na asibanwe mahali pamoja, iwe kitini, mgongoni au kwenye kigari, zaidi ya saa moja kwa mkupuo. Zimeni hiyo runinga mtoto anapokuwa macho. Kigari nacho kitoe ndani ya nyumba. Hakifundishi kutembea, kinapinduka kwenye ngazi, na Kanada imekipiga marufuku tangu 2004. Atalia siku mbili tatu. Mtavumilia.

Na ile sheria ya Kiingereza naomba iondoke kabla ya runinga. Nisikilizeni vizuri, wewe na mume wako. Kusikia lugha mbili hakumchelewishi mtoto. Nyumba nyingi za nchi hii zina lugha mbili au tatu, na watoto wanasema. Shida ni kwamba kwenye nyumba yenu anayekaa na mtoto saa kumi na nne kwa siku aliambiwa lugha aliyo nayo haifai kumwongelesha. Binti wa miaka 19, mgeni nyumbani kwa watu, atafanya nini? Atanyamaza. Ulimkuta kanyamaza kwa sababu mlimnyamazisha. Lugha ya kulelea ni ile ambayo mtu anaweza kubembelezea, kukemea na kuchekea bila kutafuta neno. Kiswahili chake kinatosha. Akimwimbia Kinyaturu wakati wa kumlaza, shukuru. Kiingereza mwanao atakikuta shuleni, na atakibeba kwa urahisi akiwa tayari anajua kwamba maneno yanaleta watu.

Kwa hiyo, umwondoe? Hapana. Umenihesabia kazi zake mwenyewe, na mtoto umemweka mwisho kwenye orodha, baada ya chakula cha usiku: "kumwogesha mtoto". Uliajiri mfuaji na mpishi, naye amefanya kazi uliyompa kwa uaminifu. Tena huyu ni wa tatu. Kila anapoondoka mmoja, mtoto anapoteza uso aliokwisha kuuzoea na kuanza upya kujua mgeni anaitikiaje. Nyumba ipunguze kung'aa. Pasi iwe Jumapili, nawe ushike upande mmoja. Nguo za wakubwa zifuliwe mara mbili kwa wiki, na siku ya kufua mtoto akae uani na beseni lake dogo la maji na kikombe, wafue wote. Hapo ndipo maneno yalipo: maji, povu, soksi, imeanguka, mwaga, tena.

Kwanza lakini mwombe radhi. Kaa naye chini, kwa jina lake, umwambie yale maneno hayakuwa yake. Kisha mwonyeshe, usimhutubie. Mtoto akisema "ba" akimtazama paka, wewe sema "paka. Paka kalala." Nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi ukiwa unamtazama, kwa sababu mtoto huyu anahitaji muda kabla ya zamu yake, na sisi wakubwa tuna haraka. Akitoa sauti yoyote, ipokee kama neno. Usimnyime maji mpaka aseme "maji". Mpe, na unapompa liseme wewe. Acheni kumwambia "sema mama, sema mama" mbele ya wageni.

Kituo cha kulelea watoto si dawa ya hili. Chenye walezi wachache na watoto wengi ni ukimya mwingine wenye kelele. Kama baadaye mtapata chenye mlezi anayechuchumaa na kumtazama mtoto anapomjibu, nitafurahi, ila kwa sasa msimwongezee uso mwingine mpya.

Swali lako la tatu. Hukumfanyia mwanao ubaya. Ulirudi kazini kwa sababu nyumba inahitaji mshahara wako, ukamwacha mahali salama, akala, akachanjwa, akakua. Hukujua kwamba ule ukimya una gharama kwa sababu hakuna aliyekwambia, hata pale kliniki ulipouliza. Ukirudi saa mbili usiku umechoka, nusu saa inatosha kuanzia: simu iwe kwenye mkoba, wewe na yeye kitandani, taa inawaka, akuone mdomo. Mhadithie siku yako. Haelewi uhasibu, lakini anakusoma uso.

Akifika miezi 24, hata kama masikio yamekutwa mazima, mrudishe kwa daktari wa watoto kama hajaanza kuunganisha maneno mawili. Andika kwenye daftari kila sauti mpya na siku yake, na kitu alichokuwa anakitazama.

Mwaka 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alizunguka vijiji vya karibu na Kampala akiangalia mama wa Kiganda na watoto wao wachanga. Aliona kwamba watoto waliotulia zaidi walikuwa wa wale mama waliokuwa na mengi ya kumsimulia kuhusu mtoto, vitu vidogovidogo: analalaje, nini kinamchekesha, analia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na usingizi. Mwanao naye yuko mtu anayeyajua hayo, na si wewe wala baba yake. Basi siku ya hospitali nendeni na yule dada. Daktari atauliza mtoto huyu husikia nini, hucheka na nini, huita vipi akitaka kubebwa. Ukisikia swali, geuka umtazame yeye, umwache ajibu kwanza.